Kidonge cha saa nane

Ninafundisha Kiswahili sekondari, mwaka wa kumi na moja sasa, na miaka yote hiyo nimekuwa nikipiga mstari mwekundu chini ya neno "masaa". Saa moja, saa mbili, saa mia: neno halibadiliki. Mwanafunzi akiniandikia "masaa manane" nampunguzia alama bila huruma. Nalitanguliza hili kwa sababu ujuaji wangu huo ulikaribia kunigharimu mtoto.

Ilikuwa Aprili 2023, masika, na Tanga wakati wa masika mbu hawahitaji mwaliko. Mwanangu wa pili, wa kiume, alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Usiku akaungua kama mkate kwenye tanuri. Asubuhi nikambeba hadi zahanati ya jirani na kwetu Makorora. Wakampima uzito, kilo 10 kamili. Wakamtoboa kidole, kipimo cha haraka kikaonyesha mistari miwili. Malaria.

Muuguzi alifanya kazi yake vizuri, sina la kumlaumu. Alitoa kidonge cha kwanza cha mseto, dawa ya malaria, kwenye karatasi yake, akakiyeyusha kwa maji kidogo kwenye kikombe, nikamnywesha pale pale mbele yake. Ilikuwa saa nne asubuhi. Akampimia na dawa ya maji ya homa, mililita 5. Kisha akanieleza taratibu: dozi ya pili ya mseto zikishapita saa nane tangu ile ya kwanza, halafu kila baada ya saa kumi na mbili mpaka vidonge vyote sita viishe, na mtoto awe amekula, ikiwezekana maziwa au chochote chenye mafuta. Dawa ya homa, dozi moja hadi nyingine zipite saa nne au zaidi, na isizidi mara nne kwa siku. Nikaitikia kila neno. Mwalimu mzima, nilijiona nimeelewa kuliko kina mama wote waliokuwa kwenye benchi.

Siku ile kidato cha nne walikuwa na mtihani wa muhula na nilipangwa kusimamia chumba. Nikamrudisha mtoto nyumbani, nikamkabidhi kwa mama mkwe wangu na dada wa kazi, nikachana karatasi kwenye daftari na kuibandika mlangoni mwa friji: "Mseto saa 8. Panadoli akichemka." Nikaondoka mbio kuwahi daladala. (Kwetu kila dawa ya homa ni panadoli, hata ikiwa imetengenezwa na nani na kuitwa nani. Mazoea haya nayo yana sehemu yake katika kisa hiki.)

Chupa ya dawa ya homa niliyopewa zahanati ilikuwa ndani ya pochi yangu. Nilikwenda nayo kazini.

Nilirudi saa kumi na moja jioni. Mama mkwe alikuwa chumbani kwake, dada uani anafua. Mtoto kalala kwenye mkeka sebuleni, shingo bado ina moto. Nilipofungua pochi kutafuta ufunguo wa kabati ndipo nikaiona ile chupa, moyo ukaniuma: maskini, ameshinda na homa bila dawa. Nikampimia mililita zake 5 haraka, akanywa, akalala tena. Sikumwuliza mtu. Niulize nini, na dawa nilikuwa nayo mimi?

Ilipotimia saa kumi na mbili nikachukua mseto nimpe dozi ya pili. Karatasi ya vidonge ilikuwa na matundu mawili.

"Nani kampa mtoto kidonge?"

Dada akaingia akijifuta povu mikononi. "Mimi, mama. Saa nane, kama ulivyoandika."

Nikaitazama karatasi ya frijini. Saa 8. Mwandiko wangu mwenyewe, mzuri, umenyooka. Mimi nilimaanisha saa nane za kuhesabu, yeye akasoma saa nane ya ukutani, na hakuna mtu timamu ambaye angesoma vinginevyo. Kama ningeandika "masaa manane", lile neno ninalowakatia watoto wa watu alama, angejua moja kwa moja kwamba ni muda wa kusubiri. Kama ningeandika "saa kumi na mbili jioni" ingekuwa bora zaidi. Mtoto alipewa kidonge saa nne tu baada ya cha kwanza.

Nikawa nataka kumfokea, nikakosa pa kuanzia. Badala yake nikauliza, kama mtu anayefunga mjadala tu, "Na homa je, ilipanda?"

"Ilipanda sana mama, nikampa panadoli."

"Panadoli ipi? Mbona ninayo mimi?"

Akaniletea. Kichupa kidogo, kimebaki robo. Nilikikumbuka: mwezi uliopita wifi yangu alikuja kutusalimia na kichanga chake, akakisahau. Boksi lilishatupwa, na kile kimpira cha kudondoshea kiliondoka naye. Dada alitafuta dawa ya homa nyumba nzima, akakuta hicho juu ya friji. Maandishi yote ya Kiingereza, lakini picha ya mtoto ipo, na neno "paracetamol" analijua. "Nikaona ni ya kichanga," akaniambia, "basi nikajua haina nguvu, nikamjazia kijiko cha chai."

Wengi wetu tungefikiri hivyohivyo. Ukweli ni kinyume. Matone ya kichanga ndiyo makali, kwa kuwa kichanga hawezi kumeza dawa nyingi, kwa hiyo dawa inakolezwa ili vitone vichache vitoshe. Hayo sikuyajua jioni ile. Nilichojua ni kwamba dada amempa saa nane na mimi nimempa saa kumi na moja. Nikapiga hesabu kichwani: zimepita saa tatu, ni karibu, lakini si janga.

Ndipo mama mkwe akatoka chumbani.

Nitakaa kidogo hapa. Kuna namna ya kumwuliza mama mkwe swali, na namna hiyo haina haraka. Huwezi kumsimamia mtu aliyemlea mumeo na ndugu zake watano ukamwuliza "umempa nini mtoto?" kama polisi. Ukiuliza hivyo, jibu hutalipata. Utapata ukimya wa wiki mbili. Mimi nilianza kwa kumpa pole ya kushinda na mgonjwa. Nikasema homa ya leo imetutesa. Nikasema sijui hata dada alimpa dawa mara ngapi.

"Alimpa?" akashtuka. "Mimi niliona hajapewa kitu. Saa tisa na nusu mume wangu alikuwa anaungua, nikamwekea kijiko kile cha kwenye kichupa kidogo." Mume wangu ndivyo anavyomwita mjukuu wake. Dada wakati huo alikuwa dukani amefuata sabuni.

Hivyo ndivyo mtoto alivyopewa dawa ya homa mara tatu ndani ya saa tatu, na watu watatu wanaompenda, kila mmoja akiamini kwamba yeye ndiye wa kwanza kumkumbuka.

Umeme ulikuwa umekatika. Baba yake aliporudi saa moja usiku alitukuta tumekaa kimya sebuleni na chupa mbili mezani. Akawasha tochi ya simu, akasoma ya zahanati kwa sauti: miligramu 120 katika kila mililita 5. Akageuza kichupa, akasogeza tochi karibu maana maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi: miligramu 100 katika kila mililita moja. Akarudia mara mbili. Kijiko kimoja cha chai cha kile kichupa kilikuwa na dawa ya zaidi ya vijiko vinne vya ile nyingine.

Nikampigia mtu niliyesoma naye, sasa ni tabibu wilaya nyingine. Hakunisubiri nimalize. "Yuko macho? Anapumua vizuri? Haya, usimtapishe. Mpeleke hospitali kubwa sasa hivi, na beba chupa zote mbili na karatasi ya mseto. Zote." Tukaingia kwenye bajaji wanne: mimi, baba yake, mama mkwe, na mtoto mapajani. Njiani mtoto aliamka akaanza kuimba wimbo wake usio na maneno. Nikafurahi, nikasema labda tunajisumbua bure.

Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, pengine nimeshafundisha wa umri wake. Aliuliza maswali mawili tu: kilo ngapi, na nini kilitolewa saa ngapi. Kisha akageuza faili, akapiga jedwali nyuma yake kama mimi ubaoni. Saa nne, 120. Saa nane, 500. Saa tisa na nusu, 500. Saa kumi na moja, 120. Akajumlisha: 1,240. Pembeni akaandika hesabu nyingine: kilo 10, kila kilo miligramu 10 hadi 15 kwa mara moja, mwisho mara nne ndani ya saa 24. "Kwa siku nzima huyu hakutakiwa kuvuka 600," akasema. "Amepata mara mbili yake, na nyingi imeingia ndani ya saa tatu. Ya kile kichupa, kwa uzito wake, ilikuwa mililita moja, au moja na nusu."

Nikamwambia lakini anaimba. Akanijibu kwa upole kwamba ndiyo hatari ya dawa hii. Ikizidi, siku ya kwanza mtoto anaweza asionyeshe lolote, pengine atapike kidogo au akatae chakula, na wazazi wakarudi kulala. Ini huanza kulalamika siku ya pili au ya tatu, na wakati huo mmeshachelewa. Wakamlaza. Wakamtoa damu ya kupima ini usiku ule, wakasema wataitoa tena kesho, na majibu yakibadilika wataanza dawa ya kulikinga ini. Kidonge cha mseto kilichowahi hakikumtia hofu. Alisema tuhesabu saa kumi na mbili kuanzia hapo. Kwa hiyo dozi ya tatu ilikuwa saa nane. Ya usiku, safari hii. Sikulala, nikaisubiri.

Baba yake alipitisha nusu ya usiku akishuku dawa yenyewe. Habari za Gambia zilikuwa bado mbichi: mwaka 2022 watoto wapatao 70 walipoteza maisha kule baada ya kunyweshwa dawa za maji zilizokuwa na sumu ya kuharibu figo, na mwezi Oktoba Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari. Akawa anakishika kichupa, anakinusa, anatafuta tarehe. Namwelewa. Ukipata dawa mbovu, unapata na mtu wa kumkasirikia. Lakini dawa yetu ilikuwa nzima, na kilichoandikwa juu yake ndicho kilichokuwa ndani yake. Hata lugha ya maandishi hayo, ambayo bado inaniudhi, isingemsaidia dada peke yake. Ingeandikwa kwa Kiswahili sanifu, bado angehitaji kujua mtoto ana kilo ngapi, na bibi amempa nini.

Tulikaa siku tatu. Damu ya pili ilikuwa sawa, ya tatu sawa. Siku ya tatu alimnyang'anya mtoto wa kitanda cha jirani ndizi yake, nikajua tumepona.

Nyumbani kulikuwa na kesi. Shangazi wa mume wangu alishafika na hukumu mkononi: dada arudishwe kwao Lushoto. "Msichana hajui kusoma dawa, atawaulia mtoto." Wakati huo dada alikuwa jikoni, hajala siku mbili, na begi lake limeshafungwa bila kuambiwa na mtu. Nadhani hili ndilo jambo lililoniumiza kuliko yote. Katika nyumba zetu kosa likitokea huteremka ngazi hadi kwa mtu asiye na wa kumteremshia. Nikamwambia shangazi, kwa adabu zote nilizofundishwa, kwamba karatasi niliiandika mimi, pochi iliyobeba dawa ni yangu, na dozi ya mwisho nilimpa mimi bila kuuliza. Dada ndiye pekee aliyefuata maelekezo siku ile. Shangazi hakupendezwa. Dada bado tuko naye.

Kilichobadilika kwanza ni juu ya friji. Nilimimina takataka zote mezani: nusu chupa ya antibaiotiki ya unga ya mtoto wangu wa kwanza, ambayo ikishachanganywa na maji siku zake huhesabika na mimi nilikuwa nimeihifadhi "ikitokea tena"; dawa ya mafua ambayo, nilipoisoma, nayo ina paracetamol ndani, kwa hiyo ukimpa mtu pamoja na panadoli umempa mara mbili; aspirini ya baba yake, ambayo mtoto mwenye homa hapewi; na vidonge vitatu kwenye bahasha ya kaki imeandikwa 1x3, bila jina la dawa wala la mgonjwa. Nikavifunga vyote mfukoni, nikavirudisha duka la dawa waviteketeze wanavyojua wao. Mwenye duka akaniuzia bomba la sindano la mililita 5, bila sindano yake, kwa bei isiyofika ya soda. Nyumbani nikapima vijiko vyetu vya chai kwa maji. Viwili vinavyofanana kwa macho: kimoja kilijaa kwa mililita 4, kingine karibu 7.

Jirani alipoona napima vijiko alicheka, halafu akaacha kucheka. Alikumbuka kwamba mwanawe alipoharisha, paketi nzima ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, aliikoroga kwenye kikombe kimoja ili "iwe na nguvu". Paketi ile inataka lita moja nzima ya maji safi. Ikikolezwa, chumvi yake humzidishia mgonjwa madhara badala ya kumsaidia. Tulikaa mlangoni hadi magharibi tukikumbushana mambo tuliyowahi kuwafanyia watoto wetu kwa nia njema. Orodha ilikuwa ndefu na sitaiandika yote hapa.

Kuna neno lingine nililolichunguza upya, maana ndiyo kazi yangu. "Kutwa mara tatu." Bahasha nyingi za dawa nchini hubeba maneno haya. Sasa kutwa kwa asili yake ni mchana, tangu jua lichomoze hadi litue. Usiku ni kucha, ndiyo maana tunasema kutwa kucha. Basi mama anayekijua Kiswahili chake anaambiwa kutwa mara tatu, anatoa asubuhi, mchana na jioni kabla ya jua kuzama, zote ndani ya saa kumi na mbili, kisha usiku mzima hakuna kitu. Anayeandika alikusudia kila baada ya saa nane. Sijasikia mtu akilalamikia hili, na mimi mwenyewe nimelimeza miaka yote.

Nilinunua daftari, nikalining'iniza kwa kamba kwenye kitasa cha kabati. Juu ya kila ukurasa uzito wa mtoto, chini jina la dawa, kiasi, saa na aliyetoa. Saa naandika hivi: "saa 2 usiku, baada ya uji." Na ya kusubiri naandika "masaa". Ndiyo. Wanafunzi wangu wasijue.

Mimi na dada daftari lilitutosha. Mama mkwe halikumfaa: miwani yake ilivunjika zamani na, kusema kweli, hakupenda kutia saini kwa mkwewe kila akimgusa mjukuu. Wiki nzima lilikaa tupu upande wake. Sikumsukuma. Siku moja nikakuta vikombe viwili vya plastiki juu ya kabati, chekundu na cheupe, na ndani ya chekundu vizibo vinne vya soda. Hakunieleza kitu. Dada ndiye aliyenitafsiria: mtoto akipata homa, anayetoa dawa anahamisha kizibo kimoja kwenda cheupe, na chekundu kikiisha, dawa ya homa imeisha siku hiyo, hata mtoto alie vipi. Vinarudishwa asubuhi. Nilipotaka kumsifu akaniambia hesabu hiyo waliitumia mashambani kuhesabu vikapu vya machungwa Muheza, na hawakuwa na mwalimu.

Wiki iliyopita mtoto alipata mafua na joto. Nilirudi kutoka shule mvua inanyesha, nikamwona kalegea mgongoni kwa bibi yake. Sijavua hata viatu, mkono ukaenda kwenye chupa. Mama mkwe hakugeuka. "Ya mwisho kampa dada, saa tisa," akasema. "Vimebaki viwili. Kaa kwanza, ule."